Kiasi cha Nani?

Desemba kwetu Kilimanjaro ni mwezi wa watu kurudi nyumbani. Magari kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi hujaa kwenye barabara za migombani, na hakuna Jumamosi inayopita bila sherehe: ubatizo, kipaimara, ndoa, shukrani. Mchungaji hualikwa kila mahali, na kila mahali huketishwa meza ya mbele. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye meza ya namna hiyo, baada ya ibada ya kipaimara, na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kulieleza. Mhusika amenipa ruhusa, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Ni dada mmoja aliyelelewa katika usharika wetu, sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Tulimzoea akiwa mnene. Safari ile alirudi amepungua sana, na kila aliyemwona alimsifu. Mbege ilipoanza kuzunguka, aliipokea kata na kuipitisha kwa jirani bila kunywa. Ikaletwa divai, akafunika glasi yake kwa kiganja. Shangazi yake akasema kwa sauti, "Kumbe umeshakuwa mlokole huko mjini?" Watu wakacheka. Mmoja akanigeukia: "Baba Mchungaji, hebu mwambie." Nami nikatabasamu, nikasema kwamba hata mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Meza nzima ikaangua kicheko. Dada yule naye akacheka, akaondoa kiganja juu ya glasi.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Niliona nimewaonyesha watu kwamba mchungaji wao si mtu wa kununa mezani.

Mwezi wa tatu alikuja tena kwa ajili ya msiba, akaomba kuniona. Alifunga mlango wa ofisi, akaketi, na kwa muda hakusema kitu. Kisha akaniambia kwamba kupungua kwake kulitokana na upasuaji, aliofanyiwa nje ya nchi miaka miwili na nusu iliyopita, kwa sababu kisukari na presha vilikuwa vinamwandama na mama yake alikwisha kufa kwa magonjwa hayohayo. Upasuaji ulimsaidia. Lakini katika mwaka wa pili alianza kunywa, kwanza na wenzake wa kazini, baadaye peke yake jikoni watoto wakishalala. Alipogundua kwamba hawezi kupitisha siku mbili bila kunywa, aliogopa, akaacha. Alipokuja nyumbani Desemba ile alikuwa na majuma sita bila tone. "Nilijua Dar ni pagumu," akasema, "nikajipa moyo kwamba nikifika nyumbani, nikiwa na watu wa kanisani, nitakuwa salama."

Usiku ule wa kipaimara alikunywa glasi mbili. Hakumbuki alivyofika chumbani. Mtoto wake wa miaka minane ndiye aliyemkuta asubuhi amelala sakafuni bafuni. Kutoka siku ile alirudia kunywa, na ilimchukua miezi mingine kupata msaada.

Hakuja kunilaumu. Alisema wazi kwamba mkono uliobeba glasi ulikuwa wake. Alikuja, alisema, kwa sababu mchungaji anapaswa kujua. Ndiyo maana naandika: wengi wetu hatujui, na kutojua kwetu huketi nasi mezani.

Basi nieleze kwanza habari ya mwili. Katika upasuaji wa aina aliofanyiwa, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo la chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo sehemu kubwa ya tumbo inarukwa. Kuna aina nyingine ambayo sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kuondolewa, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Njia zote mbili humsaidia mtu kushiba kwa chakula kidogo, na zimewaokoa wengi na kisukari na magonjwa ya moyo. Lakini pombe nayo hubadilishiwa njia. Kwa kawaida hukaa kidogo tumboni kabla ya kushuka kwenye utumbo. Baada ya upasuaji hushuka upesi, huingia kwenye damu kwa haraka, hupanda juu zaidi, na huchukua muda mrefu zaidi kutoka. Watafiti wa Marekani waliowapima wanawake waliofanyiwa upasuaji wa aina ya kwanza walikuta kwamba vinywaji viwili hivi viliwafikisha mahali ambapo mwanamke mwingine angefikishwa na vinne.

Mwaka 2012 watafiti wengine wa Marekani, waliofuatilia karibu watu 2,000 kutoka hospitali kadhaa, walitoa matokeo yao. Kabla ya upasuaji, watu 7.6 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za unywaji wenye madhara. Mwaka wa kwanza hali haikubadilika sana. Mwaka wa pili walifika 9.6. Utafiti huo ulipoendelea, mwaka 2017 ilionekana kwamba kati ya waliofanyiwa upasuaji wa aina ya dada yetu, karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata dalili hizo ndani ya miaka mitano. Nasema pia upande wa pili: wanne kati ya watano hawakuzipata. Hili si neno la kumtisha anayehitaji matibabu. Ni neno la kumwonya kuhusu mwaka wa pili, wakati sifa zimekuwa nyingi, miadi ya daktari imepungua, na mtu anajiona amemaliza safari.

Sasa turudi kwenye imani. Mafundisho yetu kuhusu pombe nayajua na sijayaacha. Zaburi ya 104 inaihesabu divai miongoni mwa vipaji vya Mungu vya kuufurahisha moyo. Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, na ishara yake ya kwanza haikuwa kuwanyima watu kinywaji. Luther alikunywa bia iliyopikwa na mkewe, Katharina von Bora, nyumbani kwao Wittenberg, na Luther huyohuyo mwaka 1539 alihubiri kwa ukali dhidi ya ulevi wa watu wake. Tunasema kwa kifupi: kunywa si dhambi, kulewa ni dhambi, kunywa kwa kiasi.

Tatizo langu halikuwa katika fundisho hilo bali katika neno "kiasi". Nilikuwa nalitumia kana kwamba kiasi ni kipimo kilichochorwa ubavuni mwa glasi, kimoja kwa watu wote. Glasi moja ni kiasi, tano ni ulevi, na ni wajibu wa kila mtu mzima kujua katikati. Lakini kiasi si cha glasi, ni cha mtu. Mzee anayekunywa kata moja ya mbege akaenda kulala ana kiasi chake. Mama mjamzito ana chake, nacho ni sifuri. Dereva ana chake. Na yupo mtu ambaye jana alikuwa na kiasi fulani, akaingia chumba cha upasuaji, akatoka na kingine, na kwa macho hakuna anayeweza kuona badiliko hilo. Tena kwa macho anaonekana ana nguvu kuliko zamani. Sisi tulimtazama dada yule, tukaona afya. Kumbe tulikuwa tunamtazama mtu ambaye ulinzi wake umepunguzwa.

Na andiko lile la Timotheo, ambalo walevi wengi wanalijua kwa moyo kuliko Baba Yetu, nililisoma upya kwa aibu. Paulo anamwandikia mtu mmoja anayemjua, aliyekuwa akinywa maji peke yake, mwenye tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara. Ni shauri la baba kwa mtoto, kwa ajili ya mwili ule. Nilichofanya mimi ni kuchukua dawa ya Timotheo na kumpa mgonjwa mwingine bila kumwuliza anaumwa nini. Nyumbani kwetu tungemkemea mtu anayegawa vidonge vya jirani. Tena nilimpa kwa ajili ya tumbo, na tumbo ndilo lililokuwa limekatwa.

Najua kuna msomaji anayeuliza: yeye si mtu mzima? Kwa nini hakusema tu kwamba ana tatizo la kiafya? Ni swali la haki. Dada yetu mwenyewe halikwepi. Lakini tuone alikuwa amewekwa wapi. Kwetu, mtu akinenepa tunasema amependeza, mambo yake mazuri. Akipungua upesi tunanong'ona kwamba ana ugonjwa. Akisema amefanyiwa upasuaji tunasema ana fedha za kuchezea, au ni mvivu, ameshindwa kufunga mdomo mpaka akatwe. Ili akatae glasi moja alitakiwa kuchagua ni uvumi upi aubebe mbele ya watu 200, na kipaza sauti kikiwa wazi. Aliona ni rahisi zaidi kunywa. Isitoshe, alikwisha kusema hapana. Aliisema kwa kiganja chake. Ni sisi tuliotaka hapana yenye maelezo.

Hapa nafika kwenye kiini cha jambo. Katika Warumi 14 Paulo anazungumza na watu waliokuwa na haki ya kula na kunywa. Hawaambii kwamba haki hiyo si yao. Anawaambia wasimwekee ndugu yao kikwazo njiani, na kwamba ni vema kuacha nyama au divai ikiwa ndiyo inayomwangusha. Sitaki kulivuta andiko kupita mahali pake: wale "dhaifu" wa Rumi walikuwa na mashaka ya dhamiri, na dada yetu dhamiri yake ilikuwa safi kabisa kuliko yangu. Lakini sheria ya upendo ni ileile. Swali la Paulo kwa wenye nguvu haliwi "je, nina haki?" Linakuwa "je, haki yangu inamfanyia nini aliyeketi karibu nami?"

Luther alilijua hili. Katika Uhuru wa Mkristo, mwaka 1520, alifundisha kwamba Mkristo kwa imani ni huru kabisa, na kwa upendo ni mtumishi wa wote. Machi 1522 aliporudi Wittenberg na kukuta watu wakilazimishana kutumia uhuru mpya, alipanda mimbarani siku nane mfululizo kuwakumbusha kwamba imani isiyo na upendo kwa jirani haitoshi, na kwamba jambo lililo huru likigeuzwa kuwa lazima, haliko huru tena. Tunazoea kulitumia fundisho hilo dhidi ya wanaokataza. Linawahusu pia wanaoshurutisha. Ukinikataza divai ya Kana umeninyima uhuru wangu. Na ukinilazimisha ninywe ili nionekane si mlokole, umeninyima uhuru uleule.

Asubuhi ya siku ile watoto wa kipaimara walikuwa wamejibu maswali ya Katekisimu Ndogo mbele ya usharika. Mmoja alieleza amri ya tano, na alieleza vizuri: kwamba kutoua maana yake ni kutomdhuru jirani katika mwili wake, bali kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili. Nilimpongeza. Saa saba baadaye, katika sherehe ya mtoto huyohuyo, nilimdhuru jirani katika mwili wake, na nilitumia Maandiko kufanya hivyo. Sikukusudia. Ila amri haisemi "usidhuru kwa makusudi" tu.

Je, basi tuache wote kunywa? Sisemi hivyo, na sitaki mtu atoke kwenye makala hii na sheria mpya. Lakini nimejifunza mambo ambayo nawaomba washarika wenzangu tuyajaribu.

La kwanza, kumkaribisha mgeni ni kumpa, si kumshurutisha. Nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa, anayezijua mila za mbege kuliko mimi, kama kukataa kata ni tusi. Akasema, "Mchungaji, kata ni ya kuonyesha tuko pamoja. Anayeipokea kwa mikono miwili na kuipitisha ameshakuwa pamoja nasi. Tusi ni kumkamata mtu kichwa." Mwenye nyumba hunywa kwanza kuonyesha kwamba kinywaji hakina madhara. Maana yake desturi yenyewe ilianza na kumhakikishia mgeni usalama wake. Sisi tumeshika kinywaji, tumeacha usalama.

La pili, anayesema hapana asiulizwe sababu, wala asifanywe kichekesho. Sababu zinaweza kuwa kumi na hakuna hata moja inayotuhusu. Na kinywaji kisicho na pombe kiletwe mezani kwa heshima ileile, kwenye glasi ileile, si kwa kuitiwa watoto.

La tatu, tuwe watu ambao mtu anaweza kuwaambia. Kama dada yule angejua kwamba kanisani kwetu kuna watu wawili tu ambao hawatanong'ona, huenda asingekuwa peke yake jikoni usiku. Mahubiri yetu dhidi ya ulevi ni mengi. Yamewafundisha watu kujificha kuliko kupona.

Na kwako uliyefanyiwa upasuaji huo, au unayejiandaa nao, nina maneno machache kama ndugu. Mwulize daktari wako waziwazi kuhusu pombe, na ulishike atakalosema. Wengi wanashauri kuiacha kabisa miezi ya mwanzo, na wengine huendelea kushauri hivyo kwa maisha yote. Usiamini kipimo chako cha zamani. Mwili ulioujua haupo tena kwa namna ile. Usishike usukani hata baada ya glasi moja. Ukijikuta unakunywa peke yako, au unahesabu saa, mwambie mtu leo, kabla ya kujiona umeshindwa kabisa. Na akitokea wa kukuambia kwamba umehamisha tu dhambi kutoka kwenye sahani kwenda kwenye glasi, usimsikilize. Unene wako haukuwa uasi, na upasuaji haukuwa njia ya mkato ya mvivu. Paulo anaposema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, anatangaza habari njema kuhusu mwili huu wenye makovu. Si fimbo ya kukuchapa.

Dada yetu aliniuliza jambo moja zaidi siku ile, na ndilo lililoniuma zaidi. Aliuliza kama anaweza kuendelea kuja Meza ya Bwana, kwa kuwa harufu tu ya divai ilikuwa inamwamsha hamu. Alikuwa amekaa miezi mitatu bila kushiriki, akiona aibu kuuliza. Nilimwambia kwamba hakuna anayewekwa mbali na Kristo kwa sababu ya ugonjwa wake. Tulikubaliana apokee mkate, na akija kwangu mbele ya madhabahu nisimpe kikombe. Nilimhakikishia kwamba Kristo anayejitoa kwake katika mkate hajitoi nusu. Hajui nani kwenye mstari anaona tofauti. Mimi najua, na kila Jumapili anapokuwa nyumbani hunikumbusha kutazama nyuso za wengine wanaopiga magoti.

Desemba iliyopita tulikutana tena kwenye sherehe. Ameanguka mara mbili tangu tulipozungumza ofisini, na mara mbili ameinuka. Hakutaka niandike kwamba amepona. Glasi zilipofika mezani kwetu, kijana mmoja alimhimiza, na akanigeukia mimi kama kawaida, akitarajia mzaha. Nilifunika glasi yangu kwa kiganja, nikamwomba atuletee chai ya tangawizi vikombe viwili. Kijana akaenda kuileta. Shangazi mtu akasema kama ipo ya kutosha, na yeye anaomba kikombe.